Mchemraba wa Mwisho

Shule ilikuwa ndani ya iliyokuwa nyumba ya dobi,
Mtaa wa Tatu, Marquette, ukipita duka la chambo.
Watoto kumi na saba, walimu wawili,
na harufu ya sabuni iliyogoma kuhama.
Nilifika pale moja kwa moja kutoka kazini,
usiku kucha nimesukuma theluji kwa gari la manispaa,
macho mekundu, buti zinadondosha maji,
na Eskil, miaka minne, akachukua kitambaa
akapangusa nyayo zangu bila kuniangalia usoni.

Nikamwambia Maren: dola mia saba kwa mwezi,
na kazi yenyewe ni kumimina maji!
Kutoka jagi hili kwenda jagi lile. Kisha kuyarudisha.
Oktoba anamimina. Novemba anamimina.
Binamu yake kule Ishpeming anaandika jina lake
na la mbwa. Wetu anajua kukunja leso.
Maren hakujibu. Alikuwa akipiga hesabu
kama gari litavuka baridi kwa matairi yale yale.

Mkutano wa wazazi tulikalia viti vya watoto,
magoti yamefika kidevuni, watu wazima kama panzi.
Pelletier, yule wa meno, aliuliza habari za mitihani.
Mama yake Odette aliuliza mbona hakuna midoli.
Bi Lempi Harjula akatusikiliza mpaka tukakauka,
ndipo akasema: "Njooni mkae. Nusu saa.
Mikono mapajani."

Nilikwenda Jumanne.
Mwanangu alikuwa akihamisha mnara wa waridi,
mchemraba mmoja mmoja, kutoka rafuni hadi mkekani,
safari kumi, akizunguka mikeka ya wenzake
kama anayepita pembeni mwa shamba la mtu.
Mnara ukaanguka. Nikainuka nusu.
Bi Lempi akanitupia jicho. Nikakaa.
Ukaanguka tena. Hakulia, hakututafuta.
Huyu, ambaye nyumbani hulilia soksi iliyopinda!
Baba yangu alinifunga kamba za viatu
mpaka nikatimiza miaka tisa. Alikuwa na haraka.
Sijawahi kumlaumu. Nilikumbuka tu, pale kitini.

Februari, kwenye mashine ya kufulia,
nikaokota kipande cha mti, rangi ya waridi,
sentimita moja kila upande.
Mwizi! Nikapiga simu kabla sijavua koti.
"Tunajua," akasema Bi Lempi. "Jioni huondoka nacho,
asubuhi hukirudisha. Kiliwahi kupotea siku mbili.
Anakilinda."

Aprili ikaja barua. Boila imekufa,
mwenye nyumba ameongeza kodi.
Tulioka pasti za nyama na viazi, tukauza
mlangoni mwa kanisa la Walutheri katika upepo wa ziwa.
Pelletier, aliyetaka mitihani, alimenya viazi
mpaka vidole vikapasuka.
Tukapata dola elfu moja mia moja na arobaini.
Boila peke yake ilitaka elfu kumi na moja.

Siku ya mwisho vifaa vyote vilikuwa maboksini,
vimeuzwa kwa shule moja ya Green Bay.
Eskil akatoa kile kipande mfukoni,
akakibeba kwa mikono miwili, polepole,
kama vile ndicho kikubwa kuliko vyote.
Bi Lempi alikipokea, akageukia dirishani,
akakaa huko muda.

Sasa yuko shule ya serikali, na wenzake ishirini na sita.
Anasoma kama wao, hajawatangulia.
Pelletier akiniuliza kama pesa ile ilikwenda halali
namwambia sijui, na kweli sijui.

Asubuhi hii amekaa kwenye ngazi, anafunga kamba.
Kitanzi kimeteleza. Anaanza upya.
Nje injini inaunguruma, basi la shule limeshapita,
Maren ananiita kutoka jikoni, ananiuliza tunangoja nini.
Dakika ya tisa.
Mikono yangu nimeitia mfukoni.